Mapipa Sita ya Mkanda Mwekundu

Zamani mtu wa Kamina alijua saa kwa honi ya gari moshi. Siku hizi anaijua kwa bei ya esanse, kwa maana bei ya asubuhi si ya mchana, na ya mchana haifiki jioni.

Mzee Kaumba alimwambia hivyo kila mteja aliyemletea baiskeli, na mwezi ule wateja walikuwa wengi. Esanse, mafuta ya pikipiki, ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya majuma matatu. Wengine walisema ni barabara iliyokatwa na mvua, wengine walisema ni dola, wengine vita vya nchi za mbali. Mtu wa Kamina hupewa sababu nyingi, lakini bei hupewa moja tu. Walimu wakaanza kwenda shule kwa miguu, viatu mkononi hadi mlangoni. Wauguzi wawili wakawa wanapanda pikipiki moja na kugawana nauli. Mashini ya kusaga ya mtaani ikafunguliwa siku tatu tu kwa juma, na wanawake wakavitoa vinu ambavyo kuku walikuwa wamezoea kulalia. Na baiskeli zilizotundikwa ukutani miaka na miaka zikashushwa, zikapanguswa vumbi, zikaletwa kwa Kaumba, chini ya kibanda chake cha mabati pale njia panda.

"Hii kinga, mulikuwa munafungia mbuzi humu?" alimwuliza mwalimu mmoja, akiuvuta mnyororo wa baiskeli uliogeuka kutu tupu.

"Tengeneza tu, papa. Usinitukane mbele ya bantu."

"Mulikuwa munasema kinga ni ya bamasikini. Leo bamasikini njo banani?"

Mwalimu akacheka kwa shingo upande. Kaumba hakucheka. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na aliona kwamba alikuwa amengoja miaka ishirini ili aulize swali lile.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwa miaka thelathini alikuwa pwanteri, mtu wa kuhesabu mizigo kwenye ghala la stesheni: mzigo ukishuka, yeye anauangalia, anauandika, anaupa njia. Shule aliiacha darasa la tatu. Kusoma kwa kweli alijifunza kwa karani mmoja wa Kasai, mzee Kabasele, aliyekuwa akimpa magazeti yaliyofungiwa sabuni na kumwambia, "Soma, kesho uniambie kinachosemwa." Mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai walipofukuzwa mjini, karani huyo aliketi majuma matano kwenye jukwaa la stesheni pamoja na jamaa yake, juu ya mafurushi, wakingoja gari la kuwarudisha kwao, nchi ambayo watoto wake hawakuwahi kuiona. Kaumba aliwapelekea maji mara mbili. Mara ya tatu aliogopa majirani.

Mtoto wa karani alirudi Kamina baada ya miaka kumi na moja, mtu mzima tayari, na mke na binti mchanga. Naye aliitwa Kabasele kama baba yake. Alinunua lupango, kiwanja chenye nyumba, mkabala na nyumba ya Kaumba, akaweka meza mbele ya ua, na juu ya meza chupa za esanse. Mkewe, Ntumba, alifanya biashara zilizomjia: samaki wa kukaushwa, maharage, chochote. Binti yao, Ariane, alikua pale pale, akimwita Kaumba "tata" kama wajukuu wanavyomwita. Kila asubuhi Kabasele alivuka njia na kusalimia kwa lugha ya kwao, "Moyo, papa," na Kaumba alijibu kwa Kiluba chake, "Eyo, vidye." Ilikuwa heshima ya zamani kati ya watu wawili, na Kaumba aliithamini kuliko alivyowahi kusema.

Basi bei ilipofika mahali ambapo mwendesha pikipiki anarudi nyumbani jioni mikono mitupu, Guylain akaamua. Guylain alikuwa mkubwa wa waendesha pikipiki wa njia panda, kijana wa miaka thelathini, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuja kibandani Jumatatu na wenzake kumi.

"Papa Kaumba, kuanzia kesho hatutanunua."

"Hamutanunua nini?"

"Esanse. Siku tatu. Mutu hata moja. Hapa, ku soko, ku gare ya gari moshi, kila parking imekubali. Moto zote, pikipiki zote, zitalala. Tutaona baye banauza watakunywa hizo chupa zabo."

"Na mugonjwa?"

"Moto moja itabaki ya bagonjwa. Kila mutu atatoa kifuniko moja ya esanse ku tanki yake, tunaweka mu ile moto. Bure. Ni siku tatu tu, papa."

Kaumba akakaza nati kabla ya kujibu. "Muliona wapi hiyo akili?"

"Kwani akili iko ya bazee tu?"

Wenzake wakaangua kicheko, na mzee akainama zaidi juu ya gurudumu ili wasiuone uso wake. Alikuwa amefurahi. Kwa miaka mingi alikuwa amewaona watu wa mji huu wakilalamika kila mmoja kivyake, kila mmoja akitafuta mlango wa nyuma. Sasa kwa mara moja walikuwa wakitenda jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa rahisi: usinunue, tembea, ngoja.

Jumanne pikipiki hazikutoka. Njia panda ikawa kimya hata ikasikika mijusi ikitembea juu ya mabati. Watu walitembea kwa makundi, wakiongea kama waendao misa. Kabasele aliketi nyuma ya meza yake na chupa zake zilizojaa, kisha akavuka njia, akamwambia Kaumba, "Bako na haki, papa. Hata minyi mwenyewe nanunua ghali. Kama bakubwa wa kule juu hawauzi, watashusha bei." Hakuondoa meza, lakini hakumwita mteja.

Jumatano asubuhi Kaumba alikwenda stesheni. Hakuwa na kazi huko. Alikwenda kama watu wanavyokwenda kuangalia kaburi. Siku ile gari la mizigo lilikuwa limeingia kutoka upande wa Kabongo, jambo ambalo siku hizi hutokea likipenda. Ghala lake lilikuwa halina mlango. Mizigo ilishushwa na yeyote, haikuandikwa na yeyote. Na hapo, mbele ya macho yake, watu wanne waliviringisha mapipa sita hadi kwenye mkokoteni, na aliyesimama kando akiwaelekeza alikuwa Kabasele.

Kila pipa lilikuwa na mkanda mwekundu kiunoni.

Katika ghala la Kaumba, mkanda mwekundu ulikuwa esanse. Wa njano, mafuta ya kula. Wa buluu, mafuta ya taa. Pipa likirudi tupu, lilipakwa chokaa juu ya mkanda, na lisiguswe mpaka lipakwe upya. Kibarua aliyekosea rangi alikatwa mshahara wa siku nne, na Kaumba mwenyewe ndiye aliyemwandika. Rangi ile aliisoma kama wengine wanavyosoma jina lao. Alisimama akitazama mkokoteni unavyoondoka. Watu wanatembea kwa miguu siku ya pili, akawaza, na huyu anajaza esanse.

Angeweza kumwuliza. Nyumba zao zilitazamana. Lakini alirudi kibandani, na Guylain alikuwa pale akisubiri baiskeli ya dada yake.

"Papa, uko na uso ya nini?"

"Ninyi munajikaza," Kaumba alisema, "kumbe mwengine anajaza. Pipa sita."

"Nani?"

Kaumba akaelekeza kwa kidevu, ng'ambo ya njia. Hakutaja jina. Baadaye alilishikilia sana hilo, kwamba hakutaja jina.

"Esanse? Uko na hakika?"

"Mukanda mwekundu. Minyi nilisoma ile rangi miaka makumi tatu. Weye utanifundisha?"

Guylain akageukia baiskeli ya dada yake. Lakini nyuma yake walikuwa wameketi watu watano, na kufikia jioni mapipa yalikuwa kumi na mawili, na kufikia alfajiri yalikuwa yamefika kwa lori, na Kabasele alikuwa ndiye mwenye bei ya Kamina nzima.

Alhamisi, siku ya tatu, saa tatu asubuhi, Ntumba alivuka njia akiwa na chupa mkononi. Ilikuwa desturi yake: mali ikifika, jirani huonja kwanza, kabla ya mteja. Akaiweka juu ya benchi, katikati ya spana. Yalikuwa mafuta ya ngazi, ndiyo mawese ya kula, mekundu, mazito, bado na harufu mpya.

"Papa Kaumba, pelekea mama Biuma ku nyumba. Safari hii ni ya Kabongo, imetoka muzuri sana."

Kaumba akaitazama chupa. "Ilifika lini?"

"Jana, na gari. Pipa sita. Tuliuza hata mashini ya kushona juu ya hii mafuta."

"Ile pipa ya mukanda mwekundu?"

"Mukanda?" Ntumba akacheka. "Papa, pipa ni pipa. Tulinunua za kale, tukasafisha na maji ya moto na majivu. Rangi nani anaangalia?"

Akarudi kwake akiimba. Kaumba akabaki na tairi mapajani. Alijua. Tangu saa tatu na dakika chache alijua, kama mtu anavyojua kuwa mguu wake umevunjika kabla ya kuuangalia.

Saa nne Guylain alipita. Hakuketi.

"Papa, watu wanasema tuende kuangalia kule saa sita. Minyi nasema tutaenda kuuliza tu, na heshima. Lakini wako wengi, na bamoja siwajue."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Neno moja lingetosha: nilikosa. Kaumba alilitafuta mdomoni akalipata, akaliona lilivyo. Pwanteri hasomi tena rangi. Mzee wa njia panda, anayewacheka walimu, ameona mawese akaita esanse. Wangecheka hadi Krismasi.

"Mutaenda na polisi?" akauliza.

"Tutaenda na bantu."

"Sawa," akasema Kaumba.

Guylain alipoondoka, mzee akaichukua ile chupa na kuiweka nyuma ya rundo la matairi.

Biuma, mkewe, aliikuta huko karibu saa sita, alipomletea ugali wa bukari na mboga ya sombe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ambayo hayakupitwa na kitu. Aliinua chupa, akanusa, akatazama ng'ambo ya njia, ambako vumbi lilikuwa limeanza kuinuka mbele ya ua wa Kabasele.

"Hii nani alileta?"

"Mama Ariane."

"Pipa wanasema bantu njo hii?"

Kaumba akaokota spana.

"Saa tatu ulijua," Biuma alisema polepole. "Na weye unakaa. Baba yake alikufundisha kusoma, na weye unakaa. Simama, Kaumba."

Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu, tangu ndoa yao. Alisimama.

Uani kwa Kabasele walikuwa watu kama sabini, wengi wenye bidoni, madumu ya njano. Meza ya barabarani ilikuwa imelala chali na chupa zake zimepasuka, mchanga umelowa, na harufu ya esanse ikachoma pua. Guylain alikuwa amesimama mbele ya mapipa, mikono wazi, akipiga kelele kwamba tumekuja kuuliza, tumekuja kuuliza tu, lakini sauti yake ya kwaya haikupita mstari wa pili. Kabasele alikuwa ameegemea pipa la kwanza. Ntumba na Ariane walikuwa mlangoni, wameshikana.

"Fungua!" watu walisema. "Gawa kwa bei ya zamani!"

"Ni mafuta ya ngazi," Kabasele alisema. "Nawaambia mara ya tano. Nipeni dakika, nafungua."

"Na hii harufu?"

"Mumevunja chupa zangu, ndugu zangu. Hiyo njo harufu."

Mtu mmoja ambaye Kaumba hakumjua alitoa kibiriti mfukoni. "Tutajua sasa hivi kama ni mafuta ya ngazi," akasema, akivuta njiti. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma kwa pamoja, wakikanyagana, na mchanga ulikuwa umelowa hadi miguuni mwao. Guylain akamrukia, akakishika kile kiganja kwa mikono miwili kabla njiti haijawaka. Kutoka nyuma ya umati sauti ikatamka lile neno la mwaka wa tisini na tatu, lile walilowaita watu wa Kasai walipowafukuza. Lilitamkwa mara moja tu, si kwa nguvu sana. Kabasele akainua kichwa kama aliyepigwa jiwe. Aliijua sauti. Hata Kaumba aliijua. Ilikuwa ya mtu ambaye Kaumba alimtengenezea baiskeli Jumanne.

"Ni minyi!" Kaumba akapaza sauti. Alikuwa amepita katikati yao kwa viwiko, spana mkononi. "Ni minyi njo nilisema. Nilikosa! Nilisoma rangi, rangi ni ya kale. Hii si esanse!"

"Mukubwa, jana ulisema miaka makumi tatu!" mmoja akadakia.

"Jana nilikuwa mupumbavu. Leo pia."

Kwa spana alifungua kizibo cha pipa, kikagoma, kikakubali. Akafungua na la pili. Watu walikuwa bado wakisukumana, na wa nyuma hawakusikia kitu. Kaumba akapandisha mkono wa shati, akachukua kijiti cha kupimia kilichokuwa ukutani, akakizamisha chote, akakitoa, akakifuta kwa kiganja toka juu hadi chini. Akainua mkono. Mafuta mekundu yakatiririka mpaka kwenye kiwiko, na matone mazito yalikuwa yakimdondokea usoni.

Wa mbele wakasogea kutazama. Kisha mmoja akacheka, na kicheko kikaenea, kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Kaumba akadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Watu wenye bidoni hawapendi kurudi na bidoni tupu. "Hata mafuta ya kula imepanda," mwanamke mmoja alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko sokoni, akasogeza bidoni yake. Baada ya hapo hawakuwa tena watu wa kuzuiwa. Guylain na waendesha pikipiki wake walishikana mikono kuzunguka mapipa, wakaokoa manne. Mawili yaliviringishwa hadi barabarani, yakamiminwa, na mengi yakamwagika tu, yakinywewa na mchanga.

Saa nane ua ulikuwa mtupu. Kabasele aliinua meza yake, akaona mguu umevunjika, akailaza tena. Kisha akamgeukia Kaumba, aliyekuwa bado amesimama na mkono wake mwekundu.

"Papa Kaumba. Mama Ariane alikuletea chupa saa tatu."

"Ndiyo."

"Basi ulijua saa ngapi?"

Kaumba alifungua mdomo. Ariane alikuwa akimwangalia. Kabasele alimngoja kwa adabu, kama anayemngoja mkubwa amalize kukohoa. Kisha akaingia ndani.

Ijumaa watu waliendelea kutonunua, ingawa siku tatu zilikuwa zimepita, na Jumamosi bei ikashuka. Haikurudi ilikokuwa, lakini ilishuka vya kutosha pikipiki zitoke. Hakuna pipa lililofichwa lililofanya hivyo. Bei ilishushwa na chupa zilizokaa juani bila mnunuzi kutoka stesheni hadi sokoni, na miguu ya walimu, na vifuniko vya esanse ambavyo vijana walimpa mgonjwa wasiyemjua. Kazi hiyo ingestahili kusimuliwa. Lakini Kamina nzima ilisimulia mapipa.

Jumapili baada ya misa Kaumba alifanya kama baba zake walivyofanya wakikosa: alichukua kuku jike mweupe, akamchukua Biuma awe shahidi, akavuka njia kuomba msamaha. Siku hizi watu hutuma ujumbe kwa simu, au hununua chupa ya bia wakaita yamekwisha. Kabasele aliwapa viti. Ntumba alileta maji. Kaumba alisema yote, na saa aliisema pia: saa tatu. Kabasele alisikiliza huku macho yake yako juu ya kuku.

"Nimesikia, papa. Sina neno na weye." Akamrudisha kuku kwa mikono miwili, kama inavyopasa. "Lakini kuku hatutamupokea. Tutakuwa mu safari, atatusumbua mu njia."

"Safari ya wapi?"

"Mwene-Ditu kwanza. Kisha tutaona."

"Papa Ariane, ile sauti ilikuwa ya mutu moja tu."

"Hata ile mwaka," Kabasele akasema, "ilianza na mutu moja."

Waliuza lupango kwa haraka, kwa mtu wa Base, kambi ya wanajeshi, aliyekuja na pesa na hakuuliza maswali. Mafuta yaliyobaki waliyauza kwa kopo. Kwa siku tisa Kabasele hakuvuka njia asubuhi, na kwa siku tisa Kaumba alifungua kibanda mapema na kukaa akiwa ameelekea upande ule.

Siku ya kumi, karibu saa tano, alikuwa akirudi kutoka sokoni na spoki alipoliona lori la mahindi limesimama pembeni ya barabara ya Kaniama. Akina Kabasele walikuwa juu ya magunia. Ntumba alikuwa amefunga kichwa kwa kitambaa cha safari na ameshika sufuria magotini. Kabasele alikuwa akifunga kamba ya turubai, mgongo wake umeelekea barabarani, na ama hakumwona ama alimwona. Ariane ndiye aliyeinua mkono, nusu tu, hadi begani; kisha akamtazama mama yake, akaushusha, akaushika kwa ule wa pili. Dereva akapanda, lori likaondoka. Kaumba alisimama kando ya barabara na spoki zake mpaka vumbi lilipotua juu ya viatu vyake, na hakuwaona tena.